Naombeni ushauri: hizi picha za kauboi za kizamani zinaangaliwaje?

Mwana wa Fundi: Wakuu habari za usiku. Mzee wangu nikimwekea muvi mpya anasinzia, ila akiona farasi na bastola anakaa wima kama mtoto. Nimemshushia zile za John Wayne za 1933 mpaka 1935, fupi fupi zisizo na rangi, yeye anacheka peke yake, mimi naona ngumi hazimgusi mtu, muziki hakuna, watu wanaongea halafu kimyaaa, na stelingi anabadilishwa jina tu stori ileile. Nataka nikae naye nizifurahie kweli siyo kumzuga. Nianzie wapi?

Kijiti Kikavu: Delete mkuu bando lisikuishie bure 😂

Reli ya Kati: Msimsikilize huyo. Mkuu, hizo ni za studio ndogo, Monogram, zilitengenezwa chapchap ili zioneshwe pamoja na picha kubwa, enzi zile Marekani uchumi umeanguka na kumbi zinatoa picha mbili kwa tiketi moja. Ndo maana hazifiki hata saa nzima. Wayne mwenyewe alishapewa picha kubwa The Big Trail 1930 ikabuma, akarudi huko chini kutafuta ugali. Sasa huo ukimya unaoulalamikia mimi ndo naupenda, sikiliza kwato, viatu kwenye mbao, mlango wa baa. Ila angalia kopi yako, kuna zilizokuja kupachikwa vinanda vya kisasa miaka mingi baadaye, hizo zikimbie, zinaharibu kila kitu.

Mama Chapuo: Kuhusu ngumi, rudia taratibu uone kamera imekaa wapi. Kamera iko nyuma ya bega, ngumi inapita mbele ya uso na wewe unaona imetua. Mbinu hiyo wanatajwa nayo Wayne, dairekta Robert Bradbury na yule jamaa wa kuruka ruka Yakima Canutt. Mfuatilie huyo Canutt jamani! Picha moja ni jambazi, mara tena ndiye anayeanguka na farasi badala ya stelingi, utamtambua tu. Kwenye Stagecoach ya 1939 ndo anaangukia katikati ya farasi wanaokimbia gari linampita juu, na baadaye akapewa Oscar ya heshima.

Reli ya Kati: Anza na Riders of Destiny, Wayne anaimba huku anatembea kwenda kupigana bastola, na sauti si yake 😂 Halafu usiangalie tatu kwa mkupuo, moja kwa wiki inatosha, hata watu wa enzi zile hawakuzila kwa sinia.

Kijiti Kikavu: Haya nakubali farasi wanakimbia kweli. Stori bado mbovu.

Mama Chapuo: Stori nani kakwambia ndo ya kuangalia

Mwana wa Fundi: Mrejesho wakuu. Jana tumeangalia hiyo Riders of Destiny, Wayne alipoanza kuimba nikacheka mpaka chai ikamwagika, mzee kanikaripia "nyamaza, anafika sasa". Kumbe picha za namna hii alikuwa akiziona kijijini likija gari la sinema, wamekaa chini mbele ya shuka, kila kauboi wanamwita Joni. Sasa kaniuliza kesho tunaangalia ipi, nimemwambia Jumamosi, kanuna.