Tupeane uzoefu: Programu-jalizi imezimwa kwenye kivinjari, uliiwashaje tena?

Isevya_Steshenari
Wakuu, leo mwanachuo kaja dukani kwangu hapa Tabora na laptopu imejaa matangazo. Kumbe Chrome imemzimia uBlock Origin, ile programu-jalizi ya kuzuia matangazo. Nikakumbuka mengi. Kompyuta inajisasisha usiku, asubuhi wateja wamepanga foleni na kitu unachokitegemea kimelala. Mwenye kisa akimwage hapa, aseme na alivyotoka.

Mama Ujiji
Mei 2019! Nafungua Firefox, viendelezi vyote, yaani programu-jalizi zangu, vimezimwa. Watu wakanambia virusi hivyo. Baadaye ikajulikana cheti cha Mozilla, wenye Firefox, cha kuthibitisha viendelezi kilikuwa kimeisha muda, dunia nzima ikaathirika. Toleo 66.0.4 lilipokuja vikarudi vyenyewe. Walioumia ni waliofuta kwa haraka, maana mipangilio yao ilikwenda na maji.

Mwanga_Sokoni
Kweli kabisa dada. Usifute.

Fundi Kibirizi
Mwakeye ndugu zangu. Hii imenigusa.

Kuna mzee ana ghala la dagaa huku Kigoma. Kamera alifungiwa zamani, na mashine yake ya kurekodi ni zile za ActiveX, teknolojia ya zamani ya Microsoft, haitoi picha bila programu-jalizi ndani ya Internet Explorer. Mwaka 2023, siku ya kuhesabu mzigo wa kupakia treni, magunia hayatimii. Kufuli zima. Nafika nakuta kijana mlinzi kakalishwa chini, watu wamemzunguka, wengine wameshamhukumu. Mama yake analia pembeni.

Nabonyeza Internet Explorer, inafunguka Edge, kivinjari kipya cha Microsoft. Ukurasa wa mashine mweupe, unadai programu-jalizi. Naweka, bado mweupe. Internet Explorer ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022, na sasisho la Edge la tarehe 14 Februari 2023 likaizima kabisa kwenye Windows 10. Kilichonitoa jasho ni diski ya mashine ya kurekodi. Ilikuwa ndogo, ikijaa inarekodi juu ya picha za zamani. Wizi ulishapita siku kadhaa, kwa hiyo usiku tuliokuwa tunautafuta ulikuwa mbioni kufutika, na kijana yule hakuwa na shahidi mwingine.

Nikaingia Edge, nukta tatu, Mipangilio, sehemu ya kivinjari chaguomsingi, nikaruhusu kurasa zifunguliwe kwa hali ya Internet Explorer. Nikaanzisha Edge upya, nikaandika anwani ya mashine, nukta tatu tena, nikapakia upya kwa hali ile. Ukaja ujumbe wa kuuliza kama niruhusu programu-jalizi. Nikaruhusu. Picha zikaja.

Kanyenye2
Mwizi nani sasa???

Mama Ujiji
Usituache hapo fundi, tafadhali.

Fundi Kibirizi
Aliyeonekana alikuwa na funguo. Wa nyumbani kwa mzee, mengine ni ya familia. Kijana aliachiwa mbele ya wale wale waliomzunguka.

Mwanga_Sokoni
Alhamdulillah.

Kanyenye2
Mzee anunue mashine mpya. Mambo ya ActiveX ni mlango wazi kwa wadukuzi.

Mwanga_Sokoni
Hela unatoa wewe? Aweke Chrome ya kabla ya toleo la 45, ile ilikuwa bado inakubali programu-jalizi za zamani.

Kanyenye2
Ya 2015 hiyo, na ActiveX haiipokei! Unamshauri mtu afungulie benki kwenye kivinjari cha 2015?

Mwanga_Sokoni
Nani kataja benki? Nasema kamera.

Mwalimu wa Urambo
Mimi nina masomo ya Flash, ile programu-jalizi ya Adobe ya michoro hai na video, naiwasha wapi?

Isevya_Steshenari
Hiyo haiwashwi mwalimu. Adobe waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 wakaizuia isicheze. Weka kiendelezi cha Ruffle, kinacheza mafaili mengi ya zamani.

Cheyo_Online
Kuhusu uBlock: ingia Viendelezi, sogeza swichi, kwisha.

Isevya_Steshenari
Zamani ilikubali. Tangu Chrome ya katikati ya 2025 haikubali tena. Nimemwekea uBlock Origin Lite, ile nyepesi.

Mama Ujiji
Ungemhamishia Firefox, huko ile kamili bado inafanya kazi.

Mwanga_Sokoni
Fundi, mimi nilifuata njia hiyo ya Edge, baada ya muda ikagoma.

Fundi Kibirizi
Inakumbuka ukurasa siku 30 tu kaka. Rudi pale pale kwenye Mipangilio, ongeza anwani upya. Na Kanyenye ana hoja: mashine hiyo usiiunganishe na intaneti, ibaki kwenye waya wa ndani.