Mtwara hadi Mwanza kwa ndege ni muda gani? Naomba ushauri wa haraka

KoroshoGhafi: Wakuu, habari za jioni. Nipo Mtwara mjini, Jumamosi natakiwa niwe Mwanza. Ndege sijawahi kupanda. Ni mbali kiasi gani, na naweza kwenda na kurudi fasta bila watu kushtuka kwamba sipo? Kichwa kinaniuma.

Nangurukuru_Stendi: Ndege ya nini mkuu? Panda basi la alfajiri, Dar ni kama km 560 tu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga tulilala kwenye gari, na nikapata mchumba humo humo.

Bi_Mikindani: Wewe kaulizwa ndege, unajibu mchumba. Mwanangu, kwa mstari ulionyooka ni karibu km 1,200, ila utapitia Dar. Mtwara–Dar kama km 390, saa moja hivi. Dar–Mwanza kama 850, saa moja na nusu. Kinachokula siku ni kusubiri pale Dar. Na kama tiketi ni mbili tofauti, ya kwanza ikichelewa ya pili haikungoji. Sasa nani asishtuke?

KoroshoGhafi: Asante mama. Mambo ya kifamilia tu.

Mmwera_wa_Mingoyo: Familia ipi? Funguka, hapa hatukujui.

KoroshoGhafi: Haya. Mwanza nina binti, nilimpata kabla ya ndoa. Jumamosi anapokea komunyo ya kwanza, kanipigia simu mwenyewe. Mama watoto hajui kama yupo. Nimemwambia naenda Newala kufuatilia malipo ya korosho. Msinihukumu, tiketi nimeshakata, mbili tofauti kwa sababu ilikuwa nafuu. Nitamweleza nikirudi.

Mtumishi77: Sakramenti unaiendea kwa uongo? Tubu kwanza.

Nangurukuru_Stendi: Mimi baba yangu, ndugu zetu wa nje tuliwajulia msibani kwake. Tulikaa mkeka mmoja tunafanana masikio.

Mmwera_wa_Mingoyo: Wakuu, hii ni chai. Malipo ya korosho mwezi wa sita? Minada inaanza Oktoba, mpaka sasa ghala zimeshafagiliwa. Huyu hajawahi hata kuokota korosho.

Kijana_wa_Shangani: 😂😂 Chai ya rangi, haina hata tangawizi.

KoroshoGhafi: Nafuatilia madai ya msimu uliopita!

Bi_Mikindani: Mimi sijali kama ni chai. Sisi tusiokujua tumeshtuka, sembuse mwanamke anayelima na wewe shamba moja?

KoroshoGhafi: Jana kauliza chama gani kinalipa mwezi huu. Nikasema wanamalizia madeni. Akanyamaza, akaenda kuninyooshea shati.

Mtumishi77: Shati la Newala linanyooshwa?

KoroshoGhafi: Tuyaache hayo. Mama, korosho zilizobanguliwa kilo mbili zinapita kwenye begi la mkononi? Ni za binti.

Bi_Mikindani: Zinapita. Ila hapo nyumbani umesemaje, unapeleka korosho Newala?