Baiskeli itashinda nje mjini kutwa nzima, niifunge vipi?

GiaNdogo
Wadau, habari zenu. Kuanzia Jumatatu baiskeli itakuwa inashinda nje ya jengo karibu na Moi Avenue, saa mbili asubuhi hadi kumi na moja jioni. Ni mountain ya mtumba, magurudumu yote mawili yanatoka kwa mkono bila spana, na kiti vilevile. Nina kufuli la waya la namba nne. Soja yupo mlangoni, ila kazi yake ni wageni. Ninunue nini, na nifunge wapi? Bajeti ni 4,000.

FundiSpoku
La waya litoe kwenye hesabu. Ndani ya ile plastiki kuna nyuzi nyembamba zilizosokotwa, na mkasi mdogo wa waya unazimaliza moja moja bila kelele. Hayo ya namba ya bei ya chini hata mkasi hayahitaji: mtu akilivuta huku akizungusha namba, kila moja hukwama kidogo ikifika mahali pake.

Tafuta kufuli la umbo la U, chuma chake kiwe na unene wa milimita 13 au zaidi. Uzito usikudanganye. Nenda na tupa ndogo, umwombe mwenye duka uguse zile ncha zinazoingia kwenye kufuli, kwa sababu hazina plastiki. Tupa ikiteleza kama iko juu ya kioo, chuma ni kigumu. Ikikwangua na kuacha unga, msumeno wa kawaida utakipita.

Chukua U fupi. Watu hupenda ndefu kwa sababu inazunguka kila kitu, lakini nafasi inayobaki ndani ndiyo mwizi anaingiza bomba la kubanjulia au jeki. Ipitishe kwenye fremu, gurudumu la nyuma na chuma cha kufungia, vyote kwa pamoja, na ikae juu. Kufuli likilala chini, anaegemeza mkono mmoja wa mkasi mkubwa kwenye lami na kuukalia ule mwingine kwa uzito wote wa mwili. Tundu la ufunguo liangalie chini, maji ya mvua yasituame humo.

Kaptula_Jogoo Rd
Bosi, hiyo U haitafika gurudumu la mbele, na hilo ndilo huondoka kwanza. Toa kile chuma chembamba chenye mkono kinachopita katikati ya hab (kitovu cha gurudumu), uweke cha kukazwa kwa alenki, ile spana ya pembe sita inayoingia ndani ya boliti. Mwambie fundi upana wa hab kabisa: mbele milimita 100, nyuma kwa mountain nyingi za mtumba ni 135. Kiti nacho kiwekee boliti badala ya mkono.

Alenki kila mtu anayo, najua. Kwa hiyo kwenye tundu la alenki ya milimita 5 tumbukiza gololi ya chuma ya inchi 3/16 (ndizo hutumika kwenye hab nyingi za mbele, fundi atakupa moja bure) kisha dondoshea nta ya mshumaa juu. Siku ya pancha unachokonoa nta kwa sindano na kuvuta gololi kwa sumaku. Hakikisha umekaza boliti KABLA ya kuziba.

Kiti: chukua cheni kuukuu, pini kama 36 hivi, ivishe kipande cha tyubu, zungusha kwenye vyuma vya chini ya kiti na fremu, uunge ncha zake kwa kifaa cha kutolea na kurudishia pini za cheni.

MamaKengele
Nakubaliana, ila U fupi mjini ina shida yake: nguzo nyingi ni nene, haipiti. Hapo mnyororo wa milimita 10 unasaidia zaidi, mradi kufuli lake lisiwe la geti la kuku. Watu hununua mnyororo mzuri halafu wanaumalizia na kufuli ambalo kipande cha mkebe wa soda kinalifungua.

Na kabla ya kufunga, itingishe hiyo nguzo. Ya kibao cha barabarani ikiwa fupi, baiskeli inapitishwa juu na kufuli lake likiwa limefungwa vizuri kabisa. Ya bomba, angalia boliti za chini. Grili ya jengo iliyochomelewa ni bora, ukiruhusiwa, na usizibe njia ya watu.

Ukikuta pancha ya ajabu jioni, usiiache ilale. Wakati mwingine pancha hiyo imetobolewa makusudi ili urudi nyumbani bila baiskeli.

GiaNdogo
Asanteni sana. Na mwizi mwenye grinda, ile mashine ya kukatia chuma?

FundiSpoku
Kwa 4,000 hakuna kufuli la kumzuia. Kinachomsumbua ni cheche na kelele, kwa hiyo funga pale soja anaposikia, si nyuma ya jengo palipotulia. Ongea na soja huyo kwa jina, mwonyeshe baiskeli, mwambie hakuna mtu mwingine wa kuichukua. Ukipata nafasi ya ndani, hata chini ya ngazi, usijiulize mara mbili.

Leo igeuze juu chini, upige picha namba ya fremu pale mikono ya pedali inapopitia. Ikiibwa, kituoni utaulizwa hiyo wakati wa kuandika OB (kitabu cha matukio cha polisi), na "nyekundu, mountain" haitamsaidia mtu.

Kaptula_Jogoo Rd
Halafu usitie oili kwenye kufuli, inashika vumbi na kugeuka tope. Kwangua risasi ya penseli, pulizia unga wake ndani.