Kusuka rasta Texas: leseni bado inadaiwa?

Kutoka kwa: Mgeni wa Houston
Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu. Nimehamia Houston mwezi uliopita na mikono inaniwasha. Nasuka tangu niko darasa la tatu Tanga: twende kilioni, mabutu, rasta ndogondogo. Kuna dada kaniambia nikisuka bila leseni ya urembo nitapigwa faini, na chuo chenyewe ni pesa ndefu. Ni kweli?

Kutoka kwa: Dada wa Dallas
Karibu mdogo wangu. Huyo kakupa habari zilizolala. Texas ilifuta leseni ya kusuka mwaka 2015. Zamani msusi alidaiwa cheti cha saa 35, na akitaka kuwafundisha wasusi wenziwe, lazima awe na chuo kizima cha vinyozi: futi za mraba 2,250, viti 10 vya wanafunzi na masinki 5. Masinki, jamani, sisi tunaosuka nywele kavu! Isis Brantley wa hapa Dallas alikamatwa 1997 kwa kusuka bila leseni. Baadaye akaishtaki serikali ya jimbo. Januari 2015 jaji akasema masharti yale ya chuo yanavunja katiba, na miezi michache mbele leseni yenyewe ikafutwa.

Ila kubandika nywele kwa gundi, dawa za kulainisha nywele, kukata, usiguse. Hizo bado zina leseni. Na kodi ulipe. Faida ikifika dola 400 kwa mwaka unaitangaza, na kodi ya waliojiajiri ni asilimia 15.3. Kila kichwa kiandike daftarini siku hiyohiyo, maana Aprili, ukijaza fomu za kodi, hutakumbuka.

Kutoka kwa: Mjomba wa Minneapolis
Marahaba mwanangu. Huku Minnesota msusi alidaiwa mafunzo ya saa 30, wakayaondoa 2019. Utah ndiko kulikuwa na vituko: Jestina Clayton, aliyejifunza kusuka utotoni kwao Sierra Leone, aliambiwa akasomee urembo saa 2,000. Mahakama ikamwokoa 2012. Saa zote hizo za rangi na mkasi zinamkinga mteja gani? Zinamkinga mwenye saluni asipate mshindani. Lakini msiniambie serikali ifunge virago kabisa. Binti yangu alisukwa mahali akarudi na mapunye.

Kutoka kwa: Dada wa Dallas
Shikamoo mjomba, na pole kwa binti. Lakini mapunye yanazuiwa kwa kuosha vitana na kuviloweka kwenye dawa kila baada ya mteja. Hilo unalifundisha asubuhi moja.

Kutoka kwa: Mgeni wa Houston
Asanteni sana. Kumbe kikwazo changu kiko kwingine. Jana usiku nimesoma mkataba wa nyumba: biashara marufuku ndani. Serikali katoka mlangoni, mwenye nyumba kakalia kizingiti! Jumamosi nina vichwa viwili, nitawafuata kwao. Kuna anayejua saluni Houston inayokodisha kiti kwa siku, si kwa mwezi?