Uono wa pwani: chumvi kali, uchungu na kupondeka. Nakosea wapi?

Jiko_SouthB
Wadau, hamjambo. Hapa Nairobi wengi tumezoea omena wa ziwani. Sasa nina nusu kilo ya dagaa wakavu wa baharini, muuzaji anawaita uono. Nimewapika kama omena: kuchemsha dakika 20, kumwaga maji, kukaanga na kitunguu na nyanya. Wamepondeka, chumvi bado kali, na kuna uchungu unaobaki ulimini. Tena nitajuaje kwamba ni uono kweli?

MlaDagaa
Samaki hana kosa. Omena huanikwa mbichi, lakini uono wengi huchemshwa kwanza kwa maji ya chumvi, ndipo wakaanikwa. Kwa hiyo umenunua samaki aliyekwisha kuiva. Dakika 20 tena motoni lazima aachane na mifupa.

Uchungu unatoka tumboni. Bana kichwa kwa kidole gumba na cha shahada, kivunje kuelekea tumboni, uvute polepole. Kitatoka na uzi mweusi wa utumbo. Kisha suuza kwenye beseni pana, na hapa ndipo wengi huharibu: usimimine maji samaki wakiwa ndani, mchanga uliozama utawarudia. Nyanyua samaki kwa mikono, mwaga maji, rudia hadi chini ya beseni pawe safi.

Loweka kikombe 1 cha uono kwa vikombe 4 vya maji vuguvugu, dakika 10. Onja mmoja. Chumvi ikizidi, badilisha maji, ongeza dakika 5, basi. Chuja, tandaza juu ya kitambaa robo saa. Wakiingia kwenye mafuta na maji watanata kwenye sufuria na kukatika. Kaanga kwa moto wa wastani mpaka uwasikie wanachakarika ukikoroga. Rojo la nyanya lipikwe kando, uono waingie mwisho kwa dakika 3. Chumvi usiiguse kabla ya kuonja.

Mama_Wawili
Yote sawa, ila vichwa vya wale wadogo wa sentimita 4 ni kupoteza jioni nzima. Hao kaanga wazima mpaka wakauke kabisa, kamulia ndimu.

Bandarini
Kuwatambua: tazama mdomo. Uono ana pua iliyochomoza mbele ya taya la chini, na taya lenyewe linapita nyuma ya jicho. Omena hana taya refu hivyo. Ubavuni uono ana ukanda wa rangi ya fedha, ingawa kwa mkavu huwa umefifia. Usimchanganye pia na simu, dagaa mwingine wa baharini: huyo ukimpitisha kidole tumboni kutoka mkiani kwenda kichwani, unakwaruzwa kama na msumeno.

Sokoni chagua wenye rangi ya fedha au kijivu cheupe, wanaovunjika kwa mlio. Wakiwa manjano au kahawia na wananuka mafuta ya zamani, mafuta yao yamechacha kwa hewa na jua. Wakipindika bila kuvunjika, hawajakauka na watashika ukungu. Jambo zito zaidi: samaki wa aina hii akichelewa kwenye joto kabla ya kuchemshwa hutengeneza histamini, sumu inayoleta dalili kama za mzio, na moto hauiondoi. Akiwasha ulimi kama pilipili, tupa sufuria nzima. Ndimu haitamwokoa, Mama Wawili.

Mama_Wawili
Ndimu ni ya ladha, ndugu yangu, si dawa 😄

Jiko_SouthB
Asanteni. Waliobaki ni robo kilo, wamelegea kidogo, na Julai hii jua hakuna. Na maji ya kulowekea naweza kutia kwenye rojo?

MlaDagaa
Maji mwaga, hayo ni chumvi na mchanga. Samaki watandaze safu moja kwenye trei, oveni nyuzi 70, mlango wazi kidogo, saa moja hivi, geuza katikati. Wapoe kabisa kabla ya kufunga kwenye chupa. Ukifunga wakiwa na joto, mvuke utawalowesha upya.