Kiwanda kidogo cha bia, tumealikwa kuuza kwenye tamasha Malindi. Leseni yetu inatosha?

Kijana_wa_Gede (mwanzisha uzi)

Salaam wanajukwaa. Naombeni ushauri kabla hatujaingiza pesa.

Mimi na binamu yangu tuna kiwanda kidogo cha bia, nje kidogo ya Gede. Bia zetu ni mbili: moja nyepesi ya kawaida, nyingine tunaitia ukwaju. Leseni ya kutengeneza tunayo, watu wa kodi wa KRA wanatujua, alama ya ubora ya KEBS iko kwenye lebo. Mpaka sasa tunauza kwa jumla tu, hoteli kadhaa za Watamu na baa za Malindi.

Sasa kuna watu wanaandaa tamasha la muziki na vyakula mwezi wa Desemba, kwenye kiwanja kimoja upande wa Casuarina, Jumamosi kutwa. Wametupa kibanda, tulete bomba na kegi (mapipa ya bia), tuuze glasi wenyewe kuanzia saa tano asubuhi. Nilipouliza mambo ya kibali nikajibiwa "msijali, sisi tuna kibali cha hafla, nyinyi leteni bia tu." Binamu yangu keshaanza kuhesabu faida. Mimi roho haijatulia.

Leseni ya kiwanda inatosha? Kibali cha waandalizi kinatufunika? Na kama hakitufuniki, nianzie ofisi gani?

Mzee_wa_Jalada

Mwanangu, una haki ya kutotulia. Leseni ya kutengeneza inakuruhusu kutengeneza. Kumimina bia kwenye glasi na kupokea pesa mkononi ni rejareja, na rejareja ina leseni yake.

Tangu Katiba ya 2010 leseni za vileo ziko chini ya kaunti, soma Jedwali la Nne. Kwa hiyo usihangaike kwenda Nairobi. Anzia kwa maafisa wa vileo wa kaunti ya Kilifi walioko Malindi, uulizie leseni ya muda kwa ajili ya hafla. Leseni ya namna hiyo hufungwa na jina la muuzaji, mahali na tarehe. Ya Casuarina Jumamosi haikusaidii Mayungu Jumapili.

Kuhusu hao waandalizi: waambie wakutumie picha ya hicho kibali, leo hii. Nimekaa ofisini miaka mingi nikiona watu wanapeperusha karatasi ya kukodi uwanja, au ya kupiga muziki, wakiita "kibali cha hafla". Uwanja una karatasi yake, kelele zina karatasi yake, pombe ina yake. Kama haijatajwa vileo, na jina lenu halimo, basi kwenu ni karatasi ya kufungia mahamri.

Bomba_Baridi

Mnamtisha kijana bure. Kwani mangwe, vile vilabu vya mnazi vya Ganda, zina leseni ya hafla? Watu wanapiga mnazi pale kuanzia asubuhi, kibuyu kwa kibuyu. Uzeni tu, askari akija mpeni ya ukwaju.

Mzee_wa_Jalada

Bomba, usimpoteze mwenzako. Mgema akishikwa anapoteza mnazi wa siku ile, kesho anapanda mnazi mwingine. Huyu ana mitambo na leseni ya kiwanda. Siku ya kuihuisha ataulizwa kesi ile ya Desemba iliishaje. Na hiyo glasi ya kumpa askari usiiandike hapa tena, ina jina lake mahakamani.

Mama_Kaunta

Mdogo wangu, mimi nina baa hapa mjini na nimeshiriki hafla kama hizo. Njia iliyotufaa ni hii: mwenye baa au hoteli, ambaye tayari ana leseni ya rejareja, ndiye anayeomba ile ya muda. Wewe unamuuzia kwa jumla, kama unavyofanya kila wiki. Bango la kibanda ni lako, vijana wako ndio wanaoshika bomba kwa sababu wanaijua bia yao, lakini pesa zinaingia kwenye M-Pesa ya baa na risiti inatoka kwa baa.

Faida itapungua, sikufichi. Lakini afisa akifika kibandani anakuta mtu anayemjua, mwenye faili.

Andikianeni, hata kama ni ndugu. Mkiachia mdomo mtagombana juu ya kegi tupu, sio juu ya bia. Tamasha linaisha usiku, watu wamechoka, kegi zinarundikwa kwenye pikapu gizani, asubuhi unakuta vichwa vya bomba viwili havipo na mtungi wa gesi umebadilishwa na mwingine wenye kutu. Kila mmoja anasema "nilimwachia yule kijana." Yule kijana nani, hakuna anayejua. Andikeni nani anahesabu, saa ngapi, na kila kegi iwe na namba kwa rangi isiyofutika. Andikeni pia nani ananunua barafu. Joto la Desemba hapa mnalijua, bia ya bomba ikipata moto inatoa povu tupu na mteja anadai pesa yake.

Hesabu_za_Pwani

Naongeza upande wa KRA, maana hapo ndipo viwanda vidogo vinapoumia kimya kimya. Ushuru wa bidhaa unadaiwa bia inapotoka kiwandani, hausubiri mteja anywe. Ukipeleka kegi nyingi kwa matumaini ya umati, mvua ikanyesha na umati usije, ushuru wa zile zilizorudi umeshakushika. Peleka kiasi, na uwe na gari la kuongeza mzigo. Gede na Malindi si mbali.

Tangu mwisho wa 2024 ushuru wa bia unahesabiwa kwa kiasi cha pombe halisi iliyomo, na viwanda vidogo huru vina kiwango chao cha chini. Hakikisheni mnatozwa hicho. Hiyo ya ukwaju, kama nguvu yake ni tofauti na ile nyepesi, hesabu yake pia ni tofauti, msizichanganye kwenye jedwali moja.

Mkipeleka na chupa, stempu za ushuru ziwe sawa. Siku hizi mnywaji mwenyewe ana programu ya Soma Label kwenye simu, anaikagua stempu hapo hapo mbele ya wenzake.

BintiMaweni

Assalamu alaykum. Mimi sinywi na sipendi hizo hafla, lakini naishi mji huu na ningependa mtu afanye lake kwa utaratibu.

Kaka, umeenda kukitazama hicho kiwanja? Sheria ya vileo ya 2010, ile watu wanayoiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeisukuma, inataka sehemu ya kuuzia pombe iwe angalau mita 300 kutoka shule za watoto, na chekechea zimo. Upande ule kuna vishule vidogo nyuma ya ua wa makuti, hata bango hakuna, unasikia tu watoto wakiimba. Utasema Jumamosi hakuna masomo. Waulize maafisa kabla hawajakuuliza wao.

Jambo la pili, sheria hiyo hiyo inampa mwananchi haki ya kupinga ombi la leseni. Nendeni kwa chifu na wazee wa mtaa mapema, na kama kuna msikiti karibu muongee na imamu kuhusu spika na saa za sala. Watu hawajengi chuki kwa sababu ya hafla yenyewe, wanakasirika wakistukia tu malori yanashusha kegi mlangoni kwao.

Na tamasha la vyakula litaleta familia. Aliye chini ya miaka 18 hauziwi, hilo halina mjadala. Tengeni eneo lenye mlango mmoja, kitambulisho kikaguliwe hapo, watu wavishwe bangili za karatasi. Msimwachie kazi hiyo kijana wa bomba mwenye foleni ya watu arubaini.

Mzee_wa_Jalada

Binti amesema kweli. Na saa tano asubuhi hiyo iulizeni pia. Saa za baa katika sheria ile ni kuanzia saa nane mchana hadi saa tano usiku kwa wikendi na sikukuu, na siku za kazi ni kuanzia saa kumi na moja jioni. Leseni yenu ya muda ndiyo itakayosema, isomeni saa zilizoandikwa humo.

Bomba_Baridi

Haya, nimenyamaza kuhusu mangwe. Lakini wakiuza tiketi ya kuingia, na ndani bia ikawa "bure", si hapo hakuna aliyeuza?

Mzee_wa_Jalada

Wewe una akili, tatizo huna kazi nayo. Sheria haikuishia kwenye kuuza. Kutoa pombe na kushughulika nayo pia kunataka leseni. Tiketi hiyo hakimu ataipokea kama ushahidi wa bei.

Kijana_wa_Gede

Asanteni sana, wallahi. Nimerudi na majibu.

Kibali cha waandalizi nimetumiwa. Ni cha kukodi uwanja na kupiga muziki, vileo havimo hata kwa kuchungulia. Kiwanjani tumeenda, na chekechea ipo kweli, nyuma ya ua kama alivyosema BintiMaweni. Kwa ramani ya simu inakuja chini ya mita 300 kutoka kibanda chetu, lakini kona ya mwisho ya kiwanja, upande wa baharini, inazidi. Waandalizi wamekubali kutuhamishia huko. Walinung'unika kwa sababu ya nyaya za umeme.

Binamu bado anataka tuombe leseni kwa jina letu. Mimi naona kwa mara hii tufuate njia ya Mama_Kaunta, muda wenyewe umebana. Dada, kama baa yako ina nafasi Desemba, tunaweza kuja kuzungumza?

Mama_Kaunta

Njooni Jumatatu kabla ya saa sita, baadaye napokea mzigo. Leteni nakala ya leseni ya kiwanda, cheti cha KEBS, na vyeti vya afya vya hao vijana watakaomimina; vinakaguliwa na vina miezi sita tu, kwa hiyo tazameni tarehe kabla hamjatoka nyumbani. Na mchoro wa kiwanja ukionyesha hiyo kona mpya, kibanda kikiwa na alama.

Binamu yako naye aje. Asilimia zangu nataka azisikie kwa masikio yake.