Mrejesho: Forester ya tabo na kuongeza busti

Wakuu, niliuliza kama naweza kupandisha busti (presha ya hewa inayosukumwa na tabo, yaani turbo, kuingia kwenye injini) kwenye Subaru Forester ya tabo ambayo haijaguswa kitu. Fundi wa hapa Dodoma alipandisha kutoka psi 12 hadi 14, akafunga na geji ya kusoma busti. Mlima wa Nyang'oro, njia ya Iringa, gari inavuta balaa! Ila jua likiwaka, ukikanyaga kwa gia kubwa, injini inagonga kama kokoto ndani ya kopo. Hapo ndipo pistoni hupasukia. Halafu huku tuko juu, kama mita 1,100, hewa nyepesi, kwa hiyo tabo inazunguka zaidi na hewa inazidi joto. Nimeirudisha 12. Bila kupanga upya kompyuta ya injini, siipandishi. Hela inaenda kwenye plagi na intakula (kipoozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo).